Kesi za watu zisikilize ukiwa umekula

Huku Mtwara minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo msimamizi wa ghala hana saa ya kula. Malori yamepanga foleni, mkulima analalamika korosho zake zimeshushwa daraja, vibarua wanauliza malipo ya jana. Nimesimamia watu misimu kadhaa katika hali hiyo, na wanaoanza kazi hii huwa nawaambia jambo moja kabla ya yote: usimhukumu mtu tumbo likiwa tupu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Bosi mwenye njaa si lazima awe na roho mbaya. Anakosa subira tu, anakata maneno ya watu katikati, na mkulima anaondoka akiamini kadhulumiwa.

Kunywa chai peke yake hakutoshi. Chai ya sukari nyingi na maandazi hukupa nguvu za haraka, kisha saa nne njaa imerudi na sauti imeanza kupanda. Mimi nakula muhogo wa kuchemsha na mbaazi, au kunde zilizobaki usiku. Zikipatikana ming'oko, yaani mizizi ya porini ya huku kusini inayoliwa kama viazi, hizo ndizo kwanza. Mbaazi na kunde zina protini na nyuzinyuzi, hivyo chakula kinakaa tumboni. Korosho nazo ni hivyo hivyo. Ajabu, tunazipakia kwa magunia zisafiri, halafu mezani kwetu tunaweka biskuti!

Mchana, sahani ya wali ya mama ntilie usiipigie vita, ila baada yake usipange kikao kigumu. Saa nane mwili unalegea hata kwa aliyekula kidogo. Muda huo zungukia ghala, hesabu magunia.

Ramadhani ni habari nyingine. Aliyefunga amekula daku na ametia nia. Njaa yake si sawa na ya mtu aliyesahau kula kwa sababu ya simu. Nimefanya kazi na wafungaji watulivu kuliko sisi tuliokula. Lakini kiongozi mwenye adabu huweka mambo mazito asubuhi, wala haitishi kikao saa kumi na moja jioni huku watu wanawaza futari.

Kahawa iishie mchana, maana ya jioni inakunyima usingizi, na kesho yake wanaoumia ni walio chini yako.

Mwisho, vitafunwa vya vikao. Soda moja ya mililita 350 huwa na sukari zaidi ya gramu 30, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu mzima asizidishe kama gramu 25 kwa siku nzima. Weka maji, ndizi na korosho. Mhasibu akilalamika kuwa korosho ni ghali, mwambie anunue za vipande. Bei yake iko chini kuliko zile nzima.