Mwanangu, usimsukume mtoto kwa baba yake

Mama, binti yangu, nimepata ujumbe wako. Mume wako amerudi Likasi kutoka vitani, mtoto anajificha nyuma ya kitenge chako kila akiitwa, na unauliza mimi nilifanya nini mpaka ukanizoea.

Nilikuacha hapa Lubumbashi mwaka 1998 nikaenda vitani, bado unanyonya. Mji wa Pweto ulipoanguka, Desemba 2000, sisi askari tulikimbilia Zambia. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Katuba, Mzee Kabila, rais wetu, alikuwa ameshauawa, nawe ulikuwa mtoto wa maneno mengi, isipokuwa kwangu. Ulimuuliza mama yako, nikiwa palepale, huyu mgeni anarudi kwao lini.

Majirani walikusukuma: "Mukumbatie papa!" Nkambo wako, mzee wa nyumbani, akawakataza. Alisema mtoto anamjua anayemwona kila siku, mambo ya damu ni ya wakubwa. Basi sikukuita. Jioni nilikaa chini kwenye mkeka nikitengeneza redio ya zamani, nipate kusikiliza mechi za Mazembe, timu yetu ya mpira. Ukaja mwenyewe kuuliza kwa nini redio ina matumbo. Nilikujibu mambo ya redio tu. Kesho yake ukarudi. Siku ulipomega bukari (ugali) kwenye sahani yangu, mama yako alitaka kupiga vigelegele, nikamkanyaga mguu.

Sare niliipeleka kwa mjomba wako. Ulikuwa umeshaona wenye sare wakigonga milango usiku. Ungenitofautisha nao vipi?

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Nilipiga kelele usingizini, nawe ukaruka kitandani. Asubuhi mama yako alikuambia wazi: papa ameota vita, hakukukasirikia. Fanya hivyo, hata kama mtoto hajauliza. Asipoambiwa, atadhani kosa ni lake. Na mtu asimguse mume wako akiwa amelala. Mwite jina kutoka mlangoni.

Nikitoka, niliaga: naenda soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, narudi kabla ya giza. Na kabla ya giza nilikuwa nyumbani. Mume wako ashike hilo kuliko zawadi. (Biskuti zangu ulizila ukiwa umenipa mgongo.)

Akitaka, anipigie jioni. Kuna mambo ya Pweto ambayo mama yako hajawahi kuyasikia, na mume wako hatakosa ya kwake. Wewe ukipokea simu, mpe, kisha nenda jikoni.

Papa yako