Smith, Mount Holyoke au Bryn Mawr: jibu langu kwa mdogo wetu wa Kilifi

Salaam mdogo wangu, na hongera. Barua tatu za kukubaliwa si jambo dogo, na waliokujibu kabla yangu kwamba "nenda popote, Marekani ni Marekani" hawajakusaidia.

Niweke swali lako sawa kwa watakaoingia kwenye uzi katikati. Umemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana. Umekubaliwa Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr, vyote vyuo vya wanawake, na vyote vimekupa ufadhili. Familia inatakiwa kulipa dola 6,000 kwa mwaka Smith, 4,500 Mount Holyoke na 5,200 Bryn Mawr. Unapenda fizikia na unafikiria uhandisi. Mjomba wako anasema uchague chenye jina kubwa. Baba anauliza kwa nini uvuke bahari kwenda kusoma tena shule ya wasichana. Mwisho wa kujibu ni tarehe 1 Mei.

Mimi nilitoka Mombasa nikasoma Mount Holyoke, kwa hiyo hicho nakijua kwa ndani. Smith nakijua kwa ujirani, na Bryn Mawr kupitia rafiki niliyesoma naye sekondari ambaye alikwenda huko.

Suala la jina tulimalize haraka. Vyote vitatu vimo katika vile vyuo saba vya zamani vya kaskazini mashariki ambavyo Wamarekani huviita Dada Saba. Mount Holyoke kilianzishwa na Mary Lyon mwaka 1837, Smith kilifungua milango 1875, Bryn Mawr 1885. Mwajiri wa Nairobi huenda asikijue hata kimoja. Mwajiri wa Boston au Philadelphia anavijua vyote. Hapo mjomba hana cha kupimia.

Ukiingia ndani, vinafanana kuliko vipeperushi vyao vinavyodai. Madarasa madogo, walimu wanaokujua kwa jina, maktaba ambazo hutaki kutoka. Tofauti ya kweli iko katika mambo mawili: pesa utakayotoa mfukoni kwa miaka yote minne, na majirani. Chuo cha wanawake ni kidogo, na kila kimoja kimejenga mapatano na vyuo vya karibu ili mwanafunzi asome asichokipata nyumbani. Ukichagua chuo, umechagua na majirani zake.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayorudisha watu nyumbani katikati ya safari.

Vyuo vyote vitatu vinasema vitaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, lakini kila kimoja kina hesabu yake ya uwezo wa familia, ndiyo maana umepata namba tatu tofauti kwa mshahara uleule wa baba. Tofauti ya Smith na Mount Holyoke ni dola 1,500 kwa mwaka, yaani 6,000 kwa miaka minne. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni 780,000. Kwa familia nyingi za Kilifi hizo ni pesa za kujenga.

Lakini usiishie kwenye namba iliyoandikwa chini ya barua. Chukua barua zote tatu uzitandaze mezani, kalamu mkononi, usome mstari mmoja mmoja. Bima ya afya imo ndani ya gharama walizozihesabu, au utaletewa bili yake Agosti? Ni maelfu ya dola kwa mwaka, si kitu cha kukutana nacho ghafla. Nauli ya ndege imo? Kuna mkopo uliojificha katikati ya ruzuku? Halafu tafuta mstari wa kazi ya chuoni. Pesa hiyo hawaikati kwenye bili. Unaifanyia kazi, jikoni au maktabani, na unalipwa kidogo kidogo muhula ukiendelea. Ikiwa barua imeihesabu kama sehemu ya kulipia karo, ujue mwanzo wa muhula bili itakuja nzima na mshahara bado hujaupata. Viza ya F-1, yaani ile ya wanafunzi, inaruhusu kazi ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na huo mwaka wa kwanza huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo usipige hesabu za kuziba pengo kwa kibarua cha mjini.

Kuna jambo moja ambalo sikuona mtu akilitaja hapa, na ni zito: kodi. Kwa mwanafunzi mgeni, ruzuku inayolipia masomo haitozwi kodi, ila sehemu inayolipia malazi na chakula inatozwa. Chuo hukata asilimia 14 na kuipeleka serikalini. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Tuseme ruzuku yako inazidi karo kwa dola 15,000: kodi ni dola 2,100 kwa mwaka. Hiyo peke yake inapita tofauti yote uliyonayo kati ya Smith na Mount Holyoke. Viko vyuo vinavyoongeza ruzuku ili kuifidia kodi hiyo, na viko vinavyomwachia mwanafunzi bili. Waandikie wote watatu leo, swali moja la wazi: kodi ya ruzuku ya malazi nani anailipa?

Katika barua hiyohiyo waulize karo ikipanda mwaka ujao, kwa maana hupanda karibu kila mwaka, ruzuku yako itapanda nayo au pengo litaangukia nyumbani. Na uulize Disemba mabweni yakifungwa wanafunzi wa mbali wanakaa wapi na wanalipa nini. Ukiona hesabu yao ya mapato ya familia si sahihi, omba ipitiwe upya. Si utovu wa adabu. Ofisi za ufadhili hupokea maombi hayo kila Aprili. Andika kwa upole, ambatisha uthibitisho, na kama chuo kingine kimekupa zaidi, tuma nakala ya barua yake. Ila fanya sasa, kabla hujalipa mahali amana ya kushikilia nafasi yako, maana ukishalipa huna tena cha kuzungumzia. Na usilipe amana vyuo viwili. Watu hufanya hivyo na huhesabika kama udanganyifu.

Sasa majirani.

Smith na Mount Holyoke ni vya muungano mmoja, Vyuo Vitano vya magharibi mwa Massachusetts, pamoja na Amherst, Hampshire na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Unajiandikisha kwa somo la jirani bila kulipa zaidi, na mabasi ya umma ya eneo hilo, yaitwayo PVTA, yanawabeba wanafunzi bure. Nimeyapanda sana mabasi hayo. Somo langu la takwimu lilikuwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, ukumbi wa watu wengi, wavulana kwa wasichana, mwalimu akiwa mbali kule mbele na kipaza sauti. Asubuhi yake nilikuwa nimekaa Mount Holyoke kwenye meza moja na wenzangu wachache, mwalimu akitusubiri tumalize kufikiri. Nilihitaji vyote viwili, na sijui chuo kimoja kingenipa vipi.

Ila ujue basi ni basi. Januari, theluji imegandiana kando ya barabara, unasimama kituoni South Hadley, kilipo chuo cha Mount Holyoke, mikono ikiwa kwapani, na likikupita hilo unangoja lijalo. Somo la jirani linakula mchana wako. Mwanafunzi anayetegemea majirani kwa nusu ya masomo yake atachoka. Kwa hiyo somo lako kuu lazima liwe nyumbani, majirani wawe wa nyongeza.

Hapo ndipo uhandisi unapoingia. Smith kina idara yake ya uhandisi, ya kwanza katika chuo cha wanawake Marekani. Ilianza 1999 na wahitimu wake wa kwanza walitoka 2004. Unasoma uhandisi palepale, na wanafunzi wenzako wote wa uhandisi ni wanawake. Mount Holyoke kina fizikia nzuri, lakini uhandisi unaupata kwa mpango wa digrii mbili na chuo kingine, na inabidi uulize kama ufadhili utakufuata huko. Bryn Mawr kina njia ya kuunganisha shahada yako na uzamili wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa mwaka mmoja wa ziada. Hapo pia uliza mwaka huo wa tano unalipiwa na nani.

Majirani wa Bryn Mawr ni wa aina nyingine. Haverford kiko umbali wa kutembea kwa miguu, wanabadilishana wanafunzi kiasi kwamba unaweza hata kulifanya somo kuu lako kule. Swarthmore kiko karibu. Halafu kuna treni inayokufikisha katikati ya jiji la Philadelphia bila kumwomba mtu gari. Rafiki yangu alisema hilo ndilo lililomwokoa: Jumamosi anapanda treni, ananunua pilipili na unga, anasuka nywele, anarudi jioni. South Hadley ni kijiji. Northampton, kwa Smith, ni mji mdogo wenye maisha, unatoka getini uko mtaani. Wewe unajijua. Kama kimya kinakutuliza, kijiji hakitakusumbua. Kama ulikuwa unahesabu siku za kufunga shule ili uende Mombasa, lipe hilo uzito unaostahili.

Kuhusu baba. Hofu yake ina msingi, maana neno "chuo cha wanawake" linamletea picha ya shule yako: kengele alfajiri, kiranja, foleni ya maharagwe, geti linalofungwa. Mwambie hakuna kengele, hakuna sare, wageni wanaingia, na darasani utakutana na wavulana wa vyuo jirani. Kengele niliyoisikia mimi ni ile ya asubuhi moja ya vuli, isiyotangazwa mapema, inayofuta masomo ya siku nzima ili watu wapande mlima. Smith wana siku kama hiyo pia. Kisha mkumbushe Wangari Maathai. Aliondoka Kenya 1960 na lile kundi la vijana waliopelekwa kwa juhudi za Tom Mboya, akasoma biolojia katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu 1964. Nobeli ilimkuta 2004. Baba wengi wa Kenya hawajui kipande hicho cha historia yake.

Na wewe mwenyewe, usitarajie kitu kilekile wanachokitarajia Wamarekani. Wao wengi wametoka shule za mchanganyiko, na kwao kukaa kwenye darasa la fizikia lililojaa wasichana ni jambo jipya. Wewe umeshalizoea. Faida iliyonigusa mimi ni wahitimu. Nilimwandikia mama mmoja wa Boston aliyemaliza miaka mingi kabla yangu, hanijui, hajawahi kufika Afrika. Alinijibu jioni ileile, tukaongea kwa simu, akausoma wasifu wangu wa kazi mstari kwa mstari, akaupeleka kwa mtu aliyekuwa akitafuta msaidizi. Vyuo vyote vitatu vina wanawake kama yule, na wanaitika.

Kazi ikitajwa, kumbuka pia kwamba baada ya kuhitimu viza yako inakupa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yako, na kwa fani za sayansi na uhandisi unaweza kuomba miezi 24 zaidi. Fizikia na uhandisi vyote vimo, kwa hiyo hilo lisikusukume upande wowote.

Umeniuliza waziwazi ningechagua kipi, nami nakujibu waziwazi. Kama uhandisi unautaka kweli, nenda Smith, ilimradi majibu ya kodi na bima yasiongeze pengo kuliko baba anavyoweza kubeba. Kama bado unayumba kati ya uhandisi na fizikia, na jiji ni muhimu kwako, Bryn Mawr. Mount Holyoke nakipenda kuliko nitakavyoweza kukueleza hapa, na kama pesa zitabaki kama zilivyo huku uhandisi ukiwa wazo tu, utakuwa mahali pazuri sana. Usiogope kwamba hicho ndicho cha bei ndogo.

Tuma zile barua pepe usiku huu. Kule bado ni mchana wa kazi. Majibu yakija, yaweke hapa pamoja na mistari ya barua za ufadhili, jina lako na namba zako za maombi ukiwa umezifuta, tuzipige hesabu pamoja kabla ya wiki ya mwisho ya Aprili.