Jina la Ani: kwa wadogo zangu mnaoanza kutafsiri makala za historia

Wadogo zangu, mkikaa katika kazi hii mwaka mmoja tu mtakutana na mji wa Ani. Ni magofu yaliyo mkoani Kars, mashariki mwa Uturuki, kwenye uwanda uliokatwa na mabonde marefu. Mto unaopita chini ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Armenia. Makala zake huonekana nyepesi: makanisa, kuta, mfalme fulani, tetemeko la ardhi. Mimi nilizipokea kwa wepesi huohuo, nikaaibika. Nawaandikia ili ninyi msipite njia hiyo.

Ugomvi wa Waarmenia na Waturuki juu ya jina la mji huu unaanzia kwenye herufi ya mwisho. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina sauti yake. Waarmenia wanasema Ani. Vibao na vijitabu vingi vya Uturuki viliandika Anı, bila nukta, na neno anı katika Kituruki maana yake ni "kumbukumbu". Waarmenia wengi wanaamini nukta ilitolewa makusudi, ili jina la mji lisikike kama lilizaliwa ndani ya Kituruki. Sisi tunaandika Ani. Kuweni macho zaidi pale andiko la Kituruki linapotumia herufi kubwa: hapo ANI husomwa Anı, na anayetaka kusema Ani huandika ANİ. Msiposoma nukta hiyo hamtajua mwandishi wenu amesimama wapi.

Sasa aibu yangu. Makala yangu ya kwanza kuhusu Ani niliitafsiri kutoka kwenye kijitabu cha utalii. Kilisema mji ulijengwa na "Wakristo wa zama za kati", nami nikaandika hivyohivyo. Mhariri wetu, mama mtu mzima, alinirudishia karatasi ikiwa na maneno mawili pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wakristo gani?" Nilimjibu kwamba nimefuata nilichopewa. Akaniambia, "Mwanangu, soma kwanza, kisha ufuate." Nikasoma wiki nzima.

Nilichokuta ni hiki. Mwaka 961 mfalme Ashot III wa nasaba ya Bagratuni aliifanya Ani makao makuu ya ufalme wa Armenia. Mwaka 992 kiti cha mkuu wa Kanisa la Armenia kikahamia hapohapo. Kanisa kuu lilianza kujengwa chini ya Smbat II, likakamilishwa mwaka 1001 na malkia Katranide, mke wa Gagik I. Fundi wake alikuwa Trdat, Mwarmenia huyohuyo aliyeitwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, kutengeneza kuba la kanisa la Hagia Sophia lililoharibiwa na tetemeko la mwaka 989. Majina yote hayo yanajulikana, na maandishi ya Kiarmenia yamechongwa kwenye kuta za makanisa hadi leo. Anayesema "Wakristo" tu amefuta watu wenye jina, lugha na kaburi. Nami nilikuwa nimemsaidia kufuta, kwa Kiswahili safi.

Kwa hiyo neno Waarmenia liandikwe, tena mapema, katika aya ya kwanza. Wengine watawaambia kwamba kulitaja ni kuingia siasa. Mimi naona kulificha ndiyo siasa, maana asiyejua habari hizi atafunga makala akiamini mji haukuwa na wenyewe.

Lakini msije mkaruka kwenda upande wa pili mkaifunga historia ya Ani mwaka 1045, Wabizanti, yaani dola ya Kikristo ya Konstantinopoli, walipoitwaa. Alp Arslan, sultani wa Waseljuki, Waturuki Waislamu, aliiteka mwaka 1064, na kuanzia mwaka 1072 ikatawaliwa na Washaddadi. Kuna msikiti pale ukingoni mwa bonde unaobeba jina la Manuchihr, na maandishi mengi ya Kituruki huutaja kama msikiti wa kwanza wa Waturuki katika Anatolia. Manuchihr alikuwa Mshaddadi, na Washaddadi ni nasaba ya Kikurdi. Hilo pia liandikwe. Wageorgia nao wamo, na Wazakari waliotawala chini ya taji la Georgia. Kanisa la Mtakatifu Gregori lililojengwa na tajiri Tigran Honents ni la mwaka 1215, miaka 150 baada ya Alp Arslan. Mji huu haukufa siku ulipotekwa.

Kanisa kuu lenyewe lina jina la pili. Baada ya mwaka 1064 liligeuzwa msikiti, na kwa Kituruki huitwa Fethiye, yaani wa ushindi. Oktoba 2010 mwanasiasa Devlet Bahçeli aliongoza wafuasi wake kuswali Ijumaa humo, na Waarmenia wengi waliumia sana. Mkitafsiri habari ya siku ile, mtakuta upande mmoja unasema "kanisa kuu la Ani" na mwingine "msikiti wa Fethiye", kumbe jengo ni moja. Tajeni majina yote mawili na mseme kila moja lilianza lini. Msichague lile fupi kwa sababu linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari.

UNESCO iliingiza mahali hapa katika Urithi wa Dunia Julai 2016, kwa ombi la Uturuki. Jina rasmi ni Eneo la Kiakiolojia la Ani, halitaji watu wowote. Lakini maelezo yake yanasema wazi kwamba ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Armenia wa zama za kati. Someni maelezo, msiishie kwenye jina. Kuhusu "mji wa makanisa 1001", jina la sifa ambalo Ani hupewa, hiyo ni namna ya kusema mengi mno, msiigeuze hesabu.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Kilwa na Gedi ziliandikwa kwa miaka mingi kama miji ya Waarabu au Washirazi, kana kwamba Waswahili waliwakuta wageni wakijenga wakakaa kutazama. Nilipokumbuka hilo ndipo kalamu nyekundu ya yule mama iliponiingia moyoni.

Mto nao una majina mawili: Akhurian kwa Kiarmenia, Arpaçay kwa Kituruki. Andikeni yote mawili mara ya kwanza, kisha mwendelee na moja. Na msisahau kumweleza msomaji kwamba mpaka wa nchi kavu kati ya Uturuki na Armenia ulifungwa mwaka 1993, na kwamba Waarmenia wengi wameuona mji huo kutoka ng'ambo tu, wakiwa wamesimama juu ya bonde, kanisa kuu likiwa mbele ya macho yao.