Kuvunja kifungo hakutoi joto

Waalaykum salaam mwanangu. Umeuliza kutoka Wete: mwalimu kasema kuvunja vifungo vya molekuli, yaani vinavyoshikanisha atomi zake, kunahitaji nishati, mbona basi makumbi ya nazi yakiungua yanatoa moto? Mwalimu wako yuko sahihi. Hakuna kifungo kinachovunjika bure. Joto linatoka pale atomi zinapofunga vifungo vipya.

Chukua hidrojeni inayoungua, hesabu yake fupi. Kifungo cha hidrojeni kwa hidrojeni kinataka kilojuli 436 kwa moli (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe), cha oksijeni kwa oksijeni 498. Moli mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni: 872 jumlisha 498, sawa na 1370. Hiyo ndiyo gharama. Sasa unapata moli mbili za mvuke wa maji, zenye moli nne za vifungo vya O–H (oksijeni kwa hidrojeni), kila moja kama 463: jumla 1852. Toa 1370, zinabaki 482, na hilo ndilo joto. Andika safu mbili daftarini, kilicholipwa na kilichopokewa, usichanganye. Nakusihi sana hapo, alama nyingi hupotea kwa haraka tu.

Makumbi ni vivyo hivyo, ila molekuli zake ni kubwa. Kiberiti kinalipa gharama ya mwanzo, kisha joto la moto wenyewe linaendeleza kazi. Nitrojeni ya hewani, yenye kifungo kigumu cha kilojuli 945 kwa moli, hupita mekoni karibu yote bila kuguswa.

Takwimu ya O–H ni wastani, kwa hiyo vitabu hutofautiana kidogo. Kwenye mtihani tumia jedwali ulilopewa.