Mji wenye Barabara ya Ngong uogope jina gani?

Swali lenu la wiki hii, kama ni haki kumpa mtoto jina ambalo watu watashindwa kulitamka, nimelisoma ndani ya matatu na nikakasirika kabla hatujafika Westlands. Mnauliza kana kwamba mzazi ndiye mwenye kesi. Mimi nauliza, sisi wa Nairobi tulianza lini kuogopa majina? Tuna Barabara ya Ngong. Tunaitana Ng'ang'a, Chepng'etich na Nchagwa kutwa nzima na hakuna aliyeteguka ulimi. Zinazoshindwa ni kompyuta za ofisini, zinazomeza ritifaa, ile alama ya ', na kumtoa Ng'ang'a akiwa Nganga.

Wifi yangu alifundishwa na sista mmoja kutoka Ireland, wa shirika la Loreto, wale waliofika Nairobi mwaka 1921. Alimpenda sana sista yule, hata kifungua mimba wake akampa jina lake, Siobhan. Hutamkwa Shivoni, au karibu na hapo.

Mtoto alipofikisha miezi tisa nilimpeleka kliniki kuchanjwa surua, mamake akiwa kazini. Benchi zimejaa, vijitabu vimerundikwa mezani. Nesi akachukua kimoja, akakunja uso. "Sio..." Akakisogeza mbali na macho. "Sio... sio bani?" Mama mmoja huko nyuma akadakia, "Kama sio Bani, basi ni nani?" Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao, maana nilikuwa nasubiri kusikia Shivoni. Kijitabu kikarudishwa chini kabisa. Watoto waliotukuta pale wakachanjwa, wakalia, wakanyonya, wakaenda zao. Nepi ya pili ilipolowa nikaenda mezani kulalamika. Nesi hakuwa na ubaya, niseme ukweli. Alinionyesha jina kwa ncha ya kalamu, akauliza, "Dada, hiyo sh unayosema iko wapi hapa?"

Nikakosa la kumjibu.

Disemba tukampeleka kwetu Shinyalu, Kakamega. Mama yangu hakuwa amewahi kuliona jina lile limeandikwa, alilisikia tu kwa simu, na alilitamka vizuri kuliko sisi sote. Kwetu majina ya Shi- ni mengi ajabu. Majirani waliuliza huyu Shivoni amerithi jina la marehemu yupi.

Nilishika kalamu kuwatetea wazazi, na sasa naona nimeanza kuwageuka. Jina lile halikumshinda nyanya wa Shinyalu, lilimshinda mtu anayesoma. Basi mwite mwanao utakavyo, lakini liandike unavyolitamka, na uliandike hivyo kabla ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kikishatoka, shule na mitihani vyote vitakifuata, na kulibadilisha ni kumlipa wakili na kungoja tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa hiyo mkinibana nijibu mlivyouliza, nitasema si haki.

Ila wifi yangu simhesabu humo. Anasema akiandika Shivoni, atakuwa amempa mtoto jina la mtu mwingine, si la sista wake, na hilo nimeshindwa kumbishia. Mwenyewe mtoto yuko Gredi ya Tatu, anaandika Shivon kwenye madaftari, na mwalimu humzungushia kwa wino mwekundu kwa sababu halifanani na la cheti.