Pori ninalotaka kununua lina mizinga ya watu

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tabora mjini. Kwa kiinua mgongo changu nimepata mtu wa kuniuzia pori la ekari 12 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui. Sehemu kubwa ni miombo ya asili, mininga na mitundu, na upande wa barabarani kuna mikaratusi aliyoipanda yeye mwenyewe. Pori amelirithi kwa baba yake. Ana dada wawili, mmoja kaolewa Nzega na mwingine Urambo, na anasema wao hawana haja nalo. Nilipokwenda kuliona nikakuta mizinga ya nyuki kama 15 juu ya miti, ya mzee wa kijiji jirani. Kina mama wanaokota kuni na uyoga humo, na wanapita katikati kwenda mtoni kuteka maji. Nia yangu ni kuyaacha miombo yasimame, niuze mikaratusi, na kuni za ziada niwauzie wakulima wa tumbaku. Nikishalipa, naweza kuwazuia watu hawa? Mizinga ni yangu? Na zaka nitaitoaje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, Mwalimu.

Umeuliza mambo ya baada ya kulipa. Naomba turudi kwanza kabla ya kulipa, kwa sababu katika maelezo yako yote neno lililonishtua ni lile fupi: "hawana haja nalo."

Nani kawauliza? Kuolewa Nzega hakumtoi mtu katika mirathi ya baba yake. Allah amesema katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Ikiwa warithi ni hao watatu tu, yaani mama yao hayupo tena na hakuna mrithi mwingine, basi katika ekari 12 huyu bwana ana 6, na kila dada ana 3. Kwa hiyo nusu ya pori unalouziwa si lake. Anayeuza mali ya mwenzake bila idhini, wanachuoni wanamwita fudhuli. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli inayotegemewa, mauzo yake ni batili tangu mwanzo. Wenzetu Wahanafi na Wamaliki wanasema yanasubiri mwenye mali aridhie. Ukifuata hawa au wale, sauti za wale dada wawili huwezi kuziruka. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho.

Basi panda gari uende Nzega, kisha Urambo. Nauli hiyo si kitu mbele ya bei ya ekari 12. Wasikie wenyewe, kaka yao asiwepo mezani, maana dada wengi husema "sawa" kwa kumwonea haya kaka. Wakiridhia, waandike, na wapokee fungu lao la pesa mkononi mwao. Wakikataa, unaweza kununua hisa ya kaka peke yake, lakini ujue wana haki ya shufaa: wanaweza kukurudishia bei uliyolipa na kuichukua hisa ile wao, kwa kuwa ni washirika katika ardhi ambayo haijagawanywa.

Jambo la pili ni kijiji. Ardhi ya nchi yetu ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na ya kijiji inasimamiwa chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Wapo wanaouliza: kama ni ya umma, tunauziana nini? Mnauziana haki ya kuitumia na maendelezo yaliyomo, na haki ya namna hiyo ina thamani na inafaa kuuzwa kwa sheria ya dini. Lakini wewe si mwanakijiji, hivyo pasipo ridhaa ya halmashauri ya kijiji umenunua maneno. Nenda pia ofisi ya misitu ya wilaya ukahakikishe kwamba kipande hicho hakimo ndani ya hifadhi, kisha tembeeni mipaka yote pamoja na majirani. Katika Bukhari na Muslim, mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Wewe ekari 12 hizo hukuzipima kwa miguu yako.

Tukifika hapo salama, sasa maswali yako.

Miti inaingia katika mauzo ya ardhi hata kama hamkuitaja, ile ya asili na ile ya kupandwa, kwa sababu imeshikamana na ardhi. Hata hivyo andikeni mikaratusi kwa jina, kwani mimi nimeshasuluhisha zaidi ya kesi moja ambayo muuzaji alirudi na msumeno akidai "niliuza ardhi, si miti." Mninga ni habari nyingine. Ni wako, lakini usiupige shoka kabla ya kupata kibali cha misitu, wala magogo yasitoke bila hati ya kusafirishia. Hilo ni agizo la mamlaka lenye maslahi ya wote, na kulitii ni wajibu.

Mizinga haiingii. Ni kitu kinachohamishika na ni mali ya mzee yule, na muuzaji hawezi kukupa asichomiliki. Nyuki wa porini hawana mwenyewe mpaka wanapoingia katika mzinga wa mtu, na hawa wameshaingia.

Njia ya maji nayo haifungwi. Kama kina mama wamekuwa wakipita hapo tangu zamani kwa haki inayojulikana kijijini, umeinunua ardhi ikiwa na haki hiyo juu yake, sawa na mtu anayenunua nyumba yenye mpangaji. Ukitaka kuisogeza pembeni, kaa nao mkubaliane. Na yale maji yenyewe hayana mjadala, kwani Mtume amekataza kuzuia maji yaliyozidi. Tena usipande wala kujenga karibu na mto: sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni.

Kuni ni tofauti. Ile hadithi ya "watu ni washirika katika maji, malisho na moto" wengi wanaitumia kuingia mashamba ya watu. Wanachuoni wameifahamu kuwa inahusu vile visivyomilikiwa. Mti ulio ndani ya miliki yako, na tawi lake lililoanguka, ni lako, na una haki ya kuzuia. Lakini kabla hujaweka mlinzi, soma alichofanya Umar bin Khattab. Alipomweka Hunayy kusimamia malisho yaliyohifadhiwa, alimwambia awahurumie watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache. Akamtahadharisha juu ya mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, kwa sababu matajiri hao wanyama wao wakifa wana mashamba na mitende ya kurudia. Yale yalikuwa malisho ya dola, hayakuwa ya mtu binafsi, nami siyafanyi kuwa hukumu juu yako. Ila mpangilio wake ni mzuri: mama mwenye mzigo wa kichwani mwache apite, mwenye lori la mkaa mzuie. Uyoga usiuguse kabisa katika makatazo yako. Ukisema uyoga ni wako, kijiji kizima kitakucheka.

Tumbaku. Najua ninaongea Tabora, na najua ada za shule za watoto wangapi zimetoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mimi nashika kauli ya wanachuoni wanaouharamisha uvutaji, kwa madhara yake. Kuni unazouza ukijua zinakwenda moja kwa moja kukausha tumbaku ni msaada katika jambo hilo, na Allah amesema tusisaidiane katika dhambi na uadui. Wapo mashekhe wanaouona uvutaji kuwa makuruhu tu, na kwao mlango huu ni mwepesi. Sitawatukana. Ila wewe umeniuliza mimi, nami nakwambia wauzie wachoma matofali na mama lishe.

Zaka: miombo unayoyaacha yasimame hayana zaka, wala ardhi yenyewe, kwa kuwa hukuvinunua kwa biashara. Mikaratusi uliyoinunua kwa nia ya kuiuza ni bidhaa. Ukipita mwaka wa Hijria na thamani yake, pamoja na pesa na bidhaa nyingine ulizonazo, ikafika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5.

Yamebaki mapatano na mzee wa mizinga. Katika ujumbe wako wa pili umenieleza kuwa muuzaji anasema desturi ni mzee kumpa mwenye pori debe moja la asali kila anaporina. Mkiweka debe hilo kuwa sharti, mkataba una gharari, yaani kitu kisicho na uhakika: mwaka wa ukame, au siafu wakiingia mizingani, debe hilo litatoka wapi? Mpangishe miti kwa pesa inayojulikana kwa mwaka, au mwachie bure, halafu akikuletea debe kwa hiari yake itakuwa zawadi. Ukitaka ahame, mpe muda arine kwanza kisha ashushe mizinga yake taratibu, maana mizinga yenye nyuki haishushwi kama matunda.

Wallahu aalam.