Mwanangu ana kisukari, nimruhusu aende kambini?

SWALI: Mwanangu ana miaka 10 na ana kisukari aina ya kwanza. Kliniki yake inaandaa kambi ya siku 5 likizo ya Desemba. Baba yake anataka aende, lakini roho yangu inasita. Nyumbani mimi ndiye ninayeamka usiku kumpima. Sukari ikishuka huko, nani atajua?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Hatari kubwa ya kambi ni hiyo hiyo uliyoitaja. Mtoto akishinda akikimbia na kuogelea, misuli yake humaliza akiba ya sukari. Akilala, misuli huvuta sukari kutoka kwenye damu ili kuijaza tena akiba hiyo, na kazi hiyo huweza kuendelea hadi saa 24. Ndiyo maana aliyelala na 6 (milimoli kwa lita) anaweza kufika 2 saa tisa usiku, kimya kabisa.

Waandaaji wanaoijua kazi yao hawasubiri afike huko. Baada ya kusoma daftari lake la vipimo, daktari hupunguza dozi ya insulini tangu siku ya kwanza, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Hupima kabla ya kila mlo, kabla ya kulala, na tena kati ya saa sita na saa tisa usiku. Anayekwenda kulala akiwa chini ya 7 hula kitu kwanza: kikombe cha maziwa au kipande cha mkate.

Kwa hiyo usiwaulize kama watamwangalia, maana watasema ndiyo. Uliza nani anakesha, na kama ana orodha ya majina ya kupima usiku. Uliza kama sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, ipo na nani anajua kuichanganya, maana mtoto aliyezirai hapewi chochote mdomoni. Uliza kama gari linalala pale pale kambini na hospitali iko umbali wa dakika ngapi. Wakibabaika kwenye maswali hayo, asiende.

Sukari ikishuka chini ya 4 na mtoto bado ana fahamu, hupewa sukari gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 30 anahitaji gramu 9, yaani vijiko vidogo viwili vya sukari na ziada kidogo, vikorogwe kwenye maji. Apimwe tena baada ya dakika 15. Chokoleti haifai, mafuta yake huichelewesha sukari.

Kuna kosa moja la Desemba tunaloomba mlikariri. Ni msimu wa maembe. Mtoto akitoka kula embe na kutoboa kidole bila kunawa, utomvu mtamu ulioganda kwenye ngozi huchanganyika na tone la damu, na kipimo kinasoma 18 wakati ukweli ni 8. Anaongezewa insulini isiyohitajika, kisha usiku anaanguka. Anawe kwa maji na sabuni, akauke, ndipo atoboe pembeni mwa ncha ya kidole.

Faida nayo ni kubwa, na utaiona kwenye tumbo lake. Watoto wengi hudunga pale pale kila siku kwa sababu hapaumi tena. Ngozi hujenga uvimbe laini, na insulini ikiingia hapo hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Muuguzi ameshalisema hilo mara nyingi bila kusikilizwa. Kambini mwanao atamwona mwenzake wa miaka 12 akifunua shati na kumwonyesha anavyozunguka: tumbo kulia, tumbo kushoto, paja hili, paja lile, kila sindano upana wa kidole kutoka ile ya jana. Shuleni anajificha chooni kujidunga, au anaruka sindano ya mchana. Kambini wote wako kwenye foleni moja.

Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922. Kufikia 1925, daktari Leonard Wendt alikuwa ameshafungua kambi ya watoto wenye kisukari huko Michigan, Marekani. Kabla ya insulini hapakuwa na watoto wa kupeleka kambini, walikufa mapema.

Akirudi, usimrudishie dozi ya zamani usiku ule ule. Misuli bado inajaza akiba. Mpime saa tisa usiku, kisha fuata maelekezo ya kliniki.

SWALI: Binti yangu ana selimundu. Kambi ya kanisa iko milimani Lushoto na kuna kuogelea. Inafaa?
Baba wa Tanga

JIBU: Kwa kambi hiyo, hapana. Baridi hubana mishipa midogo, damu inapita polepole, chembe zenye umbo la mundu zinakwama, na maumivu yanaanza. Mtafutieni kambi ya sehemu yenye joto. Kuogelea kunaruhusiwa kama maji ni ya uvuguvugu: atoke kabla hajaanza kutetemeka, ajifute na kuvaa nguo kavu papo hapo. Atembee na chupa yake ya maji, na aruhusiwe kwenda kukojoa usiku bila kukaripiwa. Haidroksiurea, dawa yake ya selimundu, asiiruke hata siku moja. Homa ikifika 38.5, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kumpa panado na kusubiri kuche.

SWALI: Tunaandaa kambi ya watoto wenye kisukari mahali pasipo na umeme. Insulini tuiweke wapi?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Chukueni chungu kidogo, kiwekeni ndani ya kikubwa, jazeni mchanga katikati na kuumwagia maji asubuhi na jioni. Insulini iwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kivulini penye upepo. Msiiweke juu ya barafu: ikiganda mara moja imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe, na baada ya siku 28 itupwe. Ile ya maji maangavu ikiingia ukungu, tupeni. Ile nyeupe kama maziwa huviringishwa taratibu viganjani kabla ya kuvuta dozi. Ikibaki na mabonge, nayo itupwe.